Mti Wako Ndio Uliopikia Msiba

Baba,

Shikamoo. Leo nakuamkia bila kupiga magoti na bila kuangalia chini. Nimekaa kwenye ndoo niliyoipindua nyuma ya jiko, kando ya mti wako, na mtu akipita akaniona naandika huku nasema peke yangu atajua mke wa Elia kichwa kimeondoka. Acha waseme. Tangu mwanao aliponioa akanileta hapa Iguguno kutoka kwetu Mungaa, sijawahi kukuambia neno refu kuliko "karibu chakula, Baba." Mkwe ni mkwe. Kiti chako sikukikalia. Kitu cha kukupa sikukupa mkononi, nilikiweka chini nikasogea, nawe ukaokota. Ndiyo heshima tuliyoikuta, na sikuwahi kuilalamikia. Ila leo nina maneno mengi, na wewe huna pa kukimbilia.

Nianze na baya, maana wewe habari mbaya ulikuwa unataka iletwe kabla ya chai. Mti wako wa maua ya buluu ulikatwa siku ile ile uliyokufa. Aliyeukata ni Yona. Ndiyo, Yona huyo huyo, rafiki yako wa redio. Na Mama, mkeo, akampiga marufuku kukanyaga hapa. Kuanzia kiangazi kile mpaka kiangazi hiki hakukanyaga. Jana lilitokea jambo, na ndilo lililonishikisha kalamu, lakini nikikuanzia hapo hutanielewa. Ngoja nilianzie mbali.

Neema mjukuu wako, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza, amewasimulia wenzake jinsi ulivyoupata mti huu, na kwenye masimulizi yake ameshaingiza simba. Hakukuwa na simba. Ulikuwa kijana uliyeoa juzi juzi, unachimba dhahabu na wenzako kwenye mashimo ya zamani kule Sekenke, na dhahabu ikakukataa. Siku unarudi nyumbani mikono mitupu ukapita kwenye magofu ya nyumba za wazungu wa mgodi, ukaona kichaka kimesimama kwenye mawe, kimechanua buluu. Ukakichimbua na mizizi yake, ukakifunga kwenye shati lako, ukapanda lori kifua wazi. Mama anasema alipokuona unashuka na lile furushi alianza kumshukuru Mungu kwa dhahabu. Kufungua, mizizi na udongo. Mpaka leo akilisimulia hilo ananuna upya.

Basi tangu hapo ukawa unatamba kwamba kijiji kizima ni wewe peke yako mwenye ua la mke wa meneja wa mgodi. Watu wakikuuliza jina lake unawaambia ni la Kiingereza, umelisahau. Baba! Hukulijua. Hakuna aliyelijua. Wengine walisema ni dawa, wengine wakasema ni mambo ya giza, kwa sababu majani yake ukiyasugua yananuka. Wewe ulicheka ukauacha uote. Na hukuruhusu auguse mtu, wala kwa wembe wala kwa panga. Ukaota ukapita paa la jiko, mwembamba, umepinda, chini fimbo tupu, na maua yenyewe machache huko juu kabisa, ya kuangaliwa na ndege.

Halafu mimi nikaolewa, na mti ukapata kazi nyingine.

Mimi ulikuwa hunisemeshi, ila mti uliusemesha. Nakumbuka nina mimba ya Neema, nimekaa mlangoni mwa jiko nachagua mchele, na ndoo iko pembeni inaningoja. Ukaja na kopo lako la maji, ukasimama pale, ukaanza: "We mti, mwenye mimba hachoti maji kisimani. Vijana wapo, wanakula bure." Mti gani una mimba, Baba? Nikaiacha ndoo. Siku nyingine nimegombana na Elia, macho yamenivimba, ukauambia: "We mti, yule kijana nimemzaa mimi, kichwa chake kigumu nakijua, lakini mkono wa kupiga hana. Akinuna muache, njaa itamrudisha." Nilificha uso kwenye khanga nikacheka hadi mchele ukamwagika. Na njaa kweli ilimrudisha.

Nami nikajifunza. Chumvi ikiisha nauambia mti chumvi imeisha. Nikitamani kwenda kumsalimia mama yangu Mungaa, nauambia mti kwamba kuna mtu hapa hajamwona mama yake tangu mavuno. Kesho yake unamwambia Elia mpeleke mkeo kwao. Mama alikuwa anasema nyumba hii ina wendawazimu wawili na mti mmoja.

Ulipougua kifua, chumbani mwako sikuweza kuingia. Nilipika uji nikaufikisha mlangoni, Mama akaupokea. Kikohozi chako nilikisikia ukutani. Mti nao ulikuwa umepukutika majani yote, kama ufanyavyo kila kiangazi. Niliusemesha hivyo hivyo, kwa sauti kidogo ya juu, nikitumaini dirisha lako liko wazi. Niliuambia mgonjwa wetu ale, anywe dawa, asitutishe. Sijui kama ulisikia. Ukaondoka alfajiri, upepo unavuma vumbi tupu.

Unajua msiba wa kwetu ulivyo. Hakuna anayetumwa. Mwenye jembe anakuja na jembe, mwenye sufuria kubwa anaileta, mwenye shoka haulizi, anatafuta kikavu anapasua. Yona alifika wa kwanza. Alichimba kaburi lako pamoja na vijana, akatoka huko na udongo magotini, akashika shoka, maana kuni zilikuwa zinakwisha na watu wanazidi kumiminika. Sasa fikiria, Baba. Miaka yote ile Yona alikuja kwako jioni, mkakaa upande wa barabarani na redio yenu. Nyuma ya jiko si mahali pa mwanamume wa nje. Maua alikuwa anayaona kwa mbali juu ya paa, lakini shina lake hakuwahi kulitia machoni. Alichokiona siku ile ni fimbo ndefu kavu zisizo na jani hata moja. Kiangazi kila kitu kiko hivyo hapa kwetu. Hata mimi, kujua mti ulio hai na uliokufa, lazima nikwaruze gome. Yona hakukwaruza. Wameniambia alikuwa anakata huku analia.

Shoka nililisikia nikiwa ndani nimemshika Mama. Sikujua. Nilipotoka kugeuza wali nikaona kwenye moto kipande chenye mafundo ninayoyajua, maana nilikuwa nayashika kila nikiegemea pale. Nilisimama na mwiko mkononi. Nikaseme nini? Mkamwana msibani anasema nini mbele ya wazee? Nikageuza wali. Watu wakala, wakanawa, wakasema wali umeiva vizuri. Mti wako ndio uliopikia msiba wako, Baba, na mimi ndiye niliyepakua.

Mama alikuja kujua siku ya kuanua matanga. Alishika ufagio mwenyewe, akafagia mpaka nyuma ya jiko, akakuta kisiki. Hakulia. Tangu ulipokata roho hakuwa amelia, watu walishaanza kunong'ona. Akauliza ni nani. Wakamwambia. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mume wangu amekufa mara moja, Yona amemuua mara ya pili. Asikanyage kwangu." Na Yona yuko pale pale, amebeba viti vya watu anavirudisha. Aliviweka chini taratibu akaondoka. Hata chai yake hakuimaliza.

Neno la mjane siku ya tanga halitanguliwi hivi hivi. Elia alijaribu, maskini. Akamwambia, "Mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Mama akamjibu, "Ndwele nimeiugua mimi, wewe unaganga nini?" Elia akapanda lori lake la alizeti akakimbilia Singida mjini, na kwa wiki nzima safari zake zikawa nyingi ajabu.

Yona naye akajitenga. Ng'ombe wake akawa anawazungusha njia ya mbali ili asipite mbele yetu. Kanisani akahamia benchi za nyuma. Kwenye arobaini yako alituma debe la mahindi, Mama akalirudisha likiwa limefungwa vile vile. Nilimwona siku moja amesimama ng'ambo ya barabara anaangalia mahali mlipokuwa mnakaa. Redio ilikuwa mkononi, haijawashwa. Roho iliniuma, Baba. Amefiwa na rafiki, na mahali pa kumlilia amefungiwa.

Mimi nikabaki na kisiki. Nilikwaruza gome kwa ukucha, na chini yake nikaona ukijani, mwembamba kama uzi. Weee! Nikakata matawi ya mgunga nikazungushia miiba, mbuzi wasije wakamalizia kazi ya shoka. Yale maji ya mwisho ya kusuuzia vyombo, yasiyo na sabuni, nikawa namwaga pale. Mama akipita ananiambia, "Unamwagilia kuni." Nami namjibu, "Ndiyo, Mama," naendelea kumwaga. Miezi ile ya mwisho ya kiangazi unaijua ilivyo mirefu. Kila asubuhi nakwaruza kidogo. Ukijani upo. Nakwaruza tena. Mpaka nikajionea aibu, nikaogopa nitaumaliza kwa kukwaruza.

Mvua ya kwanza ilipopiga, vikatoka vichipukizi. Si kimoja, Baba, ni utitiri, kwenye kisiki na kwenye mizizi iliyotambaa pembeni. Nilipiga kelele Neema akadhani nimeona nyoka. Mama alikuja akatazama, akasema "Mh," akarudi ndani. Lakini marufuku ya Yona ikabaki palepale.

Hapo nikasema sasa lazima niujue ni mti gani, niutunze kwa akili na si kwa kubahatisha. Neema akapiga picha jani kwa simu ya baba yake. Simu ikasema ni mforosadi. Muuza miche mmoja mjini Singida alipoonyeshwa jani hakumeza hata mate, akasema hilo ua linatoka Nairobi na mche wake anao. Elia akauleta kwa furaha. Ulipokua kidogo ukawa mhina. Bwana shamba, yeye alisema wazi kwamba kazi yake ni alizeti na mtama, mambo ya maua tumuulize mchungaji. Mwisho Neema akapeleka jani kwa mwalimu wake wa baiolojia, Mwalimu Happy, binti mdogo mchangamfu. Naye akasema jani peke yake linadanganya watu. Tumletee ua.

Tukangoja ua. Alizeti zilipoanza kuinamisha vichwa shambani, mti ukachanua. Baba, wewe mwenyewe hukuwahi kuuona hivyo. Umesimama usawa wa kifua changu, umejaa kuanzia chini mpaka juu, kila ua na petali zake nne za buluu hafifu na moja ya buluu iliyokolea, na nyuzi ndefu zimejikunja kwa mbele kama sharubu za kipepeo. Nyuki wakahamia kwetu. Wanawake wanaokwenda gulioni wakawa wanasimama, wanaomba kuingia uani kuangalia, nami nawakaribisha kwa maringo. Nimerithi maringo yako, samahani.

Mwalimu Happy akaja mwenyewe. Akasugua jani, akanusa, akakunja pua, akacheka, akasema, "Ndio wenyewe." Akalitaja jina lake la kisayansi, refu, ulimi wangu ukalikataa. Wapenda bustani, alisema, wanaliita ua la vipepeo. Na sasa kaa vizuri, Baba, hili litakuuma. Si mti wa mke wa meneja. Ni wa vilima vyetu wenyewe, unaota porini kwenye mawe huku kwetu. Hao wa ng'ambo ndio waliouchukua kutoka Afrika wakaupanda kwenye bustani zao. Kama huyo mke wa meneja alikuwepo, basi aliukuta umesimama pale. Ulipanda lori kifua wazi, ukatetemeka na baridi, kwa mti ambao labda uko kwenye kilima hapo nyuma ya shamba! Nilicheka hadi Mama akatoka kuuliza kuna nini. Nilipomweleza akacheka na yeye, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Akasema, "Na mimi nilimpikia kuku siku ile."

Lakini Mwalimu hakuishia hapo. Akauliza mti uliwahi kukatwa na nani. Nikamwangalia Mama. Mwalimu, bila kujua anakanyaga wapi, akaeleza kwamba mti huu unatoa maua kwenye matawi machanga ya mwaka ule ule. Ukiuacha bila kuukata unakimbilia juu, chini unabaki fimbo, maua yanakuwa ya kutafuta. Unatakiwa ukatwe kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, usawa wa goti. Akasema aliyeukata alikata chini mno, tena ovyo, lakini ndiye aliyeuamsha. Mama alikuwa anaangalia nyuki. Akasema ana ukuni jikoni, akaondoka.

Kuotesha pia alitufundisha: vijiti vinene kama penseli, mchanga na samadi kidogo, kivulini, maji kiasi. Neema alimwagilia kwa upendo mpaka vikaoza. Elia alipanda vyake kichwa chini, akashangaa mbona havioti, akasema labda ni vya kike. Vyangu vimeshika.

Kiangazi kikarudi. Majani yakapukutika, mti ukabaki kama uliokufa, vile vile ulivyokuwa siku ile. Nikamwambia Mama wakati wa kukata umefika. Akasema, "Hautaguswa tena." Nikamkumbusha maneno ya Mwalimu. Akasema, "Mwalimu hakufiwa."

Nililala na hilo jambo kifuani. Usipokatwa, utarudi kuwa ile mifimbo ya juu ya paa, na kazi yote ya maji na miiba itakuwa bure. Na Yona ataendelea kuzunguka na ng'ombe wake. Nilijua ni jambo moja, Baba, si mawili. Siku Mama atakapokubali kwamba mti unatakiwa kukatwa, itabidi akubali kwamba Yona hakuua mtu. Na yeye alijua hivyo hivyo. Ndiyo maana alikataa.

Kumweleza ana kwa ana sikuweza. Mimi ni nani nimfundishe mjane kusamehe? Basi nikafanya ulivyonizoeza. Mama amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Nikashika ufagio, nikaugeukia mti, nikasema: "We mti, nina swali. Mtu aliyekukata ukalala, ukaamka umechanua kuliko siku zako zote, huyo ni adui yako? Alikuwa anatafuta kuni za kumpikia rafiki yake msiba. Na yeye alikuwa amefiwa, we mti. Nani amempa pole?" Nikaendelea kufagia, nafagia mahali pale pale pasafi. Nilisikia mahindi tu yanavyodondoka kwenye ungo.

Siku zilizofuata alikula, aliitikia salamu, basi. Nikajua nimeharibu.

Sasa jana. Asubuhi Mama akajifunga khanga, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga. Nikamwona anavuka barabara. Neema akataka kumfuata, nikamshika mkono. Baada ya muda tukamwona anarudi, na nyuma yake, mbali kidogo, Yona, shoka begani, uso umemshuka kama mtu anayepelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Baadaye ndipo Yona aliponisimulia. Mama alifika kwake, hata hodi hakumalizia, akamuuliza, "Shoka lako liko wapi?" Mzee wa watu akadhani amefuata ushahidi.

Wakasimama hapa nilipokaa. Mama akasema, "Kata." Yona akauangalia mti, akaniangalia mimi, akaangalia chini. Hakuinua mkono. Ndipo Mama akatoa neno ambalo kwake, na wewe unamjua, ni gumu kuliko kuchimba kisima kwenye mwamba. Akasema, "Nilikuwa na uchungu, Yona. Sikuwa na pa kuuweka, nikauweka kwako." Na hapo hapo akalia, Baba. Kilio chote cha mwaka mzima, kwa sauti, amesimama. Yona naye akalia. Mimi nikasimama katikati yao na panga nililokuwa nimelinoa tangu juzi kwa tumaini tu. Nikachukua lile shoka nikampa panga. Nikamwambia shoka ni la msiba, leo ni kazi ya bustani.

Alikata polepole. Kila tawi anauliza, "Hapa?" Namwonyesha usawa wa goti. Anakwaruza kwanza gome kwa ukucha, akiona ukijani ndipo anakata. Mama akawa anaokota vijiti anavifunga. Akampa Yona fungu lake, akamwambia, "Hivi ni vya kupanda. Ole wako uvipikie." Yona akacheka huku machozi hayajakauka.

Nikaweka chai. Wao wakakaa ndani, mimi nikawa naenda na kurudi jikoni. Unajua msibani kila anayekuja kutoa pole anasimuliwa: aliumwaje, alisema nini, alikataje roho. Yona hakuwahi kusimuliwa. Siku za msiba alikuwa kaburini na kwenye kuni, kisha akafukuzwa. Mwaka mzima hakujua rafiki yake alikufaje. Akamwomba Mama, kwa sauti ndogo, "Nisimulie." Mama akamsimulia tangu kikohozi kilipoanza.

Na mimi, Baba, nilikuwa sijasikia. Waliosimuliwa walisimuliwa ndani nikiwa kwenye masufuria, na baada ya hapo Mama hakutaka tena kulisema. Nilisimama mlangoni na birika. Mama akafika kwenye alfajiri ile. Akasema ulikuwa umenyamaza muda mrefu, akadhani umelala. Akasikia mimi naweka uji mlangoni, naondoka. Nawe ukasikia, ukafungua macho. Akainama, akifikiri unataka maji. Ukamuuliza, "Mke wa Elia amekula?" Akakujibu bado, anahangaika na uji wako. Ukasema, "Mwambie ale." Halafu hukusema tena.

Mama alisahau kuniambia. Alifumba macho yako akasahau kila kitu, nani asingesahau? Alipolitamka jana mwenyewe alishtuka, akageuka mlangoni akaniona. Niliweka birika chini, nikaenda jikoni, nikalia mpaka chai ya watu ikapoa.

Sasa nakuaga, Baba, jua linanichoma na ndoo hii inaniumiza. Lala kwa amani. Kila kiangazi, kabla ya mvua, Yona atakata na mimi nitamwonyesha usawa. Mvua zikishika, mmoja wa miche yangu nitaupanda pale ulipolala na kuuzungushia miiba kwa mikono yangu, na Elia tutamzuia asiuguse. Mama tutamtunza. Yona jana aliahidi kuja tena kesho, na safari hii atakuja na redio.

Jana jioni, Yona alipoondoka, nilijipakulia ugali na mlenda, nikakaa chini, sikusimama mpaka sahani ikaisha.

Nimekula, Baba.

Mke wa Elia